Bahari ya Hindi, Mizunguko ya Kale na Joto Jipya

Joto la uso wa bahari halijawahi kutulia mahali pamoja. Hata kabla viwanda havijaanza kuteketeza makaa ya mawe, maji ya kila bahari yalipata joto na kupoa kwa zamu, pengine kwa miaka miwili au mitatu, pengine kwa miongo mizima, kwa sababu zilizomo ndani ya bahari yenyewe na katika hewa inayovuma juu yake. Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita mabadiliko asilia, yaani mabadiliko yasiyohitaji mkono wa binadamu ili yatokee. Juu yake limekuja, tangu katikati ya karne ya 19, joto linaloletwa na gesijoto, ambazo ni hewa ya ukaa na gesi nyingine zinazozuia joto la dunia lisipotee angani, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada imeingia baharini. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalihesabiwa kuwa tabaka mbili zinazoweza kubanduliwa: ukiondoa mstari unaopanda wa joto la binadamu, kinachobaki ni mizunguko ya asili, safi kama ilivyokuwa tangu zamani. Historia ya jinsi Bahari ya Hindi ilivyopimwa na kueleweka inaonyesha kwamba kubandua huko si kwepesi kama kulivyodhaniwa, kwa kuwa joto jipya limepenya ndani ya mizunguko yenyewe na kuigeuza mwendo.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki, Arabuni na Bara Hindi walikuwa na elimu pana ya bahari hii karne nyingi kabla ya kipimajoto cha kwanza kutumbukizwa humo. Walijua kwamba kaskazi ikishashika mwishoni mwa mwaka ingewafikisha Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa, na kwamba kusi ingewarudisha makwao kuanzia Aprili, kabla haijawa kali mno katikati ya mwaka. Naye Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar katika Ghuba aliyeandika katika karne ya 15, aliacha maandishi yaliyopanga misimu hiyo ya safari kwa tarehe na kwa nyota. Elimu hiyo ilitosha kabisa kwa kazi iliyokusudiwa, lakini ilihusu upepo na wakati, wala haikuacha tarakimu za joto la maji ambazo vizazi vya baadaye vingeweza kuzilinganisha.

Tarakimu zilianza kukusanywa kwa utaratibu mmoja baada ya mkutano uliofanyika Brussels mwaka 1853, ambapo wajumbe wa mataifa kumi, wakihimizwa na Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini la Marekani, walikubaliana namna ya kuandika hali ya hewa na ya bahari katika daftari za meli. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mitupu. Baharia alitupa ndoo ubavuni mwa meli, akaivuta kwa kamba, akatia kipimajoto ndani ya maji, akangoja kidogo, akasoma, kisha akaandika tarakimu hiyo pamoja na saa na mahali meli ilipokuwa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli nyingi za mvuke zilianza kupita Aden kuelekea Bombay na Colombo, na njia hiyo ikapata vipimo vingi, huku maeneo makubwa ya kusini mwa ikweta yakipitiwa na meli chache tu. Kwa hiyo kumbukumbu ya joto la Bahari ya Hindi kwa sehemu kubwa ya historia yake ni kumbukumbu ya njia za biashara, na maeneo yaliyokuwa nje ya njia hizo yamejazwa baadaye kwa hesabu.

Ndoo hizo zilileta taabu ambayo haikutambuliwa kwa miongo mingi. Ndoo za mwanzo zilikuwa za mbao, nazo hutunza joto. Zikafuatwa na ndoo za turubai, ambazo maji yake hupenyeza hadi nje, hukauka kwa upepo wa sitahani na kupoa, hata kipimajoto kikasoma pungufu ya joto halisi la bahari. Meli za injini zilipoenea, baadhi yake zilianza kusoma joto la maji yanayoingizwa chini ya meli ili kupoza mitambo, na kwa kuwa chumba cha injini ni chumba cha moto, kipimo kikaelekea kuzidi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba, meli za Marekani, zilizopima kwa njia ya injini, ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya vipimo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, meli za Uingereza zilizotumia ndoo zikarudi kwa wingi katika daftari, na bahari ya dunia ikaonekana kupoa ghafla kwa takriban nyuzijoto 0.3 za Selsiasi. Mshuko huo ulikaa katika majedwali kwa zaidi ya miaka 60, hadi mwaka 2008, David Thompson na wenzake walipoonyesha kwamba ulitokana na mabadiliko ya vyombo na bendera. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu anayetafuta mizunguko ya asili ya miongo mitatu au minne katika kumbukumbu ya miongo 15 hawezi kumudu hata kosa moja la namna hiyo: kosa lenyewe hujivika sura ya mzunguko.

Wakati ndoo zikiendelea kutupwa, wazo la kwamba hewa na bahari hubadilika kwa mizunguko mipana lilizaliwa kutokana na njaa. Monsuni, yaani pepo za msimu zinazoleta mvua Bara Hindi, zilishindwa vibaya mwaka 1877 na tena mwaka 1899, na mamilioni ya watu wakafa chini ya utawala wa Kiingereza ambao haukuacha kusafirisha nafaka nje. Mwaka 1904 uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India ulikabidhiwa Gilbert Walker, mwanahisabati wa Cambridge ambaye hakuwa na elimu ya hali ya hewa, naye akaamua kutafuta dalili za monsuni popote duniani palipokuwa na kumbukumbu. Katika kanuni aliyoitoa mwishoni mwa muongo huo, mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei ilikuwa mojawapo ya dalili chache alizozitegemea, pamoja na theluji ya Himalaya na mgandamizo wa hewa wa Mauritius na wa Amerika Kusini. Masika ikiwa nzito Unguja, Walker aliitarajia monsuni dhaifu India. Mwaka 1924 aliupa jina mzunguko mkubwa zaidi alioukuta katika tarakimu zake: mgandamizo wa hewa unapopanda upande wa Bahari ya Hindi na Australia hushuka upande wa mashariki ya Pasifiki, na kinyume chake. Alikuwa ameona nusu ya jambo, ile ya hewani. Nusu ya pili, ya majini, ilingoja hadi mwaka 1969, ambapo Jacob Bjerknes, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi California, alieleza kwamba mzunguko wa Walker na kupata joto kwa maji ya pwani ya Peru, ambako wavuvi walikuita El Niño, ni jambo moja: maji yenye joto hulegeza upepo, na upepo uliolegea huyaacha maji yazidi kupata joto.

Lakini maelezo ya Bjerknes, kwa uzuri wake wote, hayakuweza kueleza mwaka 1961. Vuli ya mwaka huo ilianza Oktoba katika Afrika Mashariki na haikukoma ilipotazamiwa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, mito ya nchi nzima na ya jirani ilikuwa imefurika. Ziwa Victoria, ambalo kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa limepanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu, lilianza kupanda na halikusimama hadi katikati ya mwaka 1964, likiwa limeongezeka kina kwa zaidi ya mita 2. Magati, mashamba na makazi ya ufukweni yalizama, na maji ya ziada yaliyotoka Jinja yalishuka na Nile hadi katika mabwawa ya Sudd, ambayo yalipanuka zaidi ya maradufu. Ziwa halikurudi katika kimo chake cha kale kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Wakati huo huo msafara wa kimataifa wa utafiti wa Bahari ya Hindi, ulioendeshwa kuanzia 1959 hadi 1965 kwa zaidi ya meli 40, ulikuwa ukipima maji yale yale. Hata hivyo kila meli ilipima pale ilipokuwa, na hakuna aliyeweza kuitazama bahari nzima kwa pamoja ili aone kilichotokea.

Swali la mizunguko mirefu, ile ya miongo, lilipata msingi wake wa nadharia mwaka 1976 kutoka kwa Klaus Hasselmann wa Hamburg, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Alionyesha kwamba bahari haihitaji saa wala mtambo wowote wa siri ili ibadilike polepole. Hali ya hewa ya kila siku huisukuma huku na huko bila mpangilio, na bahari, kwa ukubwa wa uwezo wake wa kushika joto, hukusanya misukumo hiyo na kuigeuza kuwa mabadiliko ya miaka mingi, kama chungu kikubwa cha maji kilicho mafigani ambacho hakisikii kila kuni inayoongezwa au kuondolewa, ila baada ya muda huonyesha jumla yake. Maana ya jambo hili ni nzito: kipindi cha miaka 20 ya joto au ya baridi kinaweza kutokea bila sababu yoyote ya nje, na kwa hiyo kupanda kwa joto kwa miaka 20 peke yake hakuthibitishi kitu. Miaka 20 baadaye Steven Hare, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akichunguza kwa nini salmoni walijaa Alaska katika miongo ile ile walipoadimika kusini zaidi, alitoa jina la Mzunguko wa Miongo wa Pasifiki. Mzunguko huo hufanana na El Niño uliopanuka na kupunguza kasi: Pasifiki ya mashariki ilikaa katika hali ya baridi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1976, kisha ikageukia joto, kisha ikarudia baridi karibu na mwaka 1998.

Mwaka 1997 ulifumbua fumbo la 1961. Vuli ya mwaka huo iliporomosha mvua juu ya Kenya, Somalia na Tanzania kwa wingi ambao El Niño wa wakati huo, ingawa mkubwa, haukutosha kuueleza. Mafuriko yaliua maelfu, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia kwa sababu mbu waliongezeka katika madimbwi yasiyokauka. Septemba 1999 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na N. H. Saji na Toshio Yamagata nchini Japani, la pili na Peter Webster nchini Marekani, yalitangaza kwa pamoja kwamba Bahari ya Hindi ina mzunguko wake yenyewe. Watafiti wa Japani waliuita dipoli, kwa maana ya ncha mbili zinazokwenda kinyume. Katika hali ya kawaida upepo wa ikweta huvuma kuelekea mashariki na kuyarundika maji ya moto karibu na Sumatra. Miaka mingine upepo huo hugeuka, maji ya moto huja magharibi, na kule Sumatra maji baridi ya kilindini hupanda kuziba pengo. Hapo mawingu huhama pamoja na joto, Indonesia hukauka hata misitu ikaungua, na pwani ya Afrika hulowa. Walipoirudia kumbukumbu ya nyuma kwa jicho hilo, mwaka 1961 ulisimama wazi kuwa mmoja wa miaka mikubwa ya dipoli katika karne nzima.

Kumbukumbu ya ndoo, hata hivyo, haikuweza kusema kama dipoli ya 1997 ilikuwa ya asili au la, wala kama mizunguko ya miongo katika bahari hii ilikuwapo kabla ya viwanda. Jibu lilitafutwa katika matumbawe. Mnyama wa tumbawe hujenga kiunzi cha chokaa, na tumbawe lenye umbo la mviringo la jamii ya Porites huongezeka kwa takriban sentimita moja kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, likiacha mistari ya mwaka ambayo huonekana waziwazi kipande kikipigwa picha ya eksirei. Ndani ya chokaa hiyo mna oksijeni ya aina mbili, nyepesi na nzito, na uwiano wake hufuata joto la maji yaliyokuwapo tabaka lilipojengwa. Maji yakiwa ya moto, ile nzito hupungua. Mzamiaji hutoboa tumbawe kwa keekee ndefu yenye tundu katikati, hutoa mche wa chokaa, huziba tundu ili mnyama aendelee kuishi, na maabara husaga unga kidogo kutoka kila mstari na kuupima. Katika bahari ya Malindi, Julia Cole na wenzake, wakiwamo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wa Kenya, walipata kwa njia hiyo historia ya joto ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994, waliyoichapisha mwaka 2000. Tumbawe hilo lilikuwa limeanza kuandika kabla Sayyid Said hajahamishia makao yake Zanzibar.

Kumbukumbu ya Malindi ilisema mambo mawili kwa wakati mmoja, na haki ya kuitafakari ni kuyashika yote mawili. La kwanza ni kwamba joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi limepanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka na ya miongo katika karne zote mbili, na mizunguko hiyo ilikwenda sambamba na Pasifiki, iliyo mbali kwa nusu ya dunia. La pili ni kwamba mizunguko hiyo ilipanda juu ya mwinuko wa joto uliofikia nyuzijoto 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19. Vipimo vya meli vilivyochambuliwa na Mathew Koll Roxy na wenzake mwaka 2014 viliafikiana na mwinuko huo: katika majira ya kusi, magharibi ya Bahari ya Hindi ilipata joto la nyuzi 1.2 kati ya 1901 na 2012, kasi iliyozidi ya bahari nyingine zote za tropiki. Ni huzuni kubwa kwamba nyaraka hizi za chokaa zinateketezwa na jambo lile lile zinalolishuhudia. Katika miezi ya mwanzo ya 1998, joto la dipoli na la El Niño lilipoikuta bahari iliyokwisha kupanda joto, matumbawe kutoka Mafia hadi Lamu yalifukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe, na mengi yakafa. Katika visiwa vya kati vya Shelisheli zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yaliangamia. Mizunguko ya asili ilikuwa imeleta miaka ya joto mara nyingi kabla ya hapo, na tumbawe la Malindi lilikuwa limeishi kuipitia yote.

Kilichofuata ndicho kiini cha historia hii. Ikiwa Pasifiki ndiyo inayoipa Bahari ya Hindi mwendo wa miongo, ilitazamiwa kwamba Pasifiki ikigeukia baridi, Bahari ya Hindi nayo ingepoa. Pasifiki ilipogeuka karibu na mwaka 1998, Bahari ya Hindi haikupoa. Ilizidi kupata joto. Watafiti walioupima uhusiano wa bahari hizo mbili waligundua kwamba katika karne ya 20 zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja hadi karibu na mwaka 1985, na kuanzia hapo zilikwenda kinyume. Mwaka 2017 Lu Dong na Michael McPhaden walieleza sababu. Milipuko ya volkano ya El Chichón huko Meksiko mwaka 1982 na ya Pinatubo huko Ufilipino mwaka 1991 ilirusha juu angani chembe za salfa zinazorudisha mwanga wa jua, zikaipoza Bahari ya Hindi wakati ambapo Pasifiki ilikuwa katika hali yake ya joto. Chembe zilipokwisha kuanguka, gesijoto zilizokuwa zikilimbikizwa muda wote ziliisukuma Bahari ya Hindi juu wakati ambapo Pasifiki ilikuwa imepoa. Mkono wa asili uliendelea kuvuta upande wake, ila nguvu za nje zilikuwa zimeushinda. Huo ndio ushahidi ulio wazi kabisa kwamba joto la dunia haliongezi tu kimo cha maji ya moto ambayo mizunguko ya kale hucheza juu yake, bali linaweza kukata kamba iliyofunga bahari moja na nyingine.

Kamba hiyo, zaidi ya hayo, ilionekana kuvutwa pia kutoka upande wa pili. Mwaka 2012 Jing-Jia Luo na wenzake walionyesha kwa modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazoigiza hewa na bahari, kwamba Bahari ya Hindi inayopata joto haraka kuliko Pasifiki huvuta hewa ipande juu yake, na hewa hiyo ikipanda huimarisha pepo za Pasifiki zinazotoka mashariki, nazo huyasukuma maji ya moto magharibi na kuiacha pwani ya Amerika baridi. Mwanafunzi wa jana alikuwa anaanza kumfundisha mwalimu wake. Maji hayo ya moto yaliyosukumwa magharibi hayakuishia hapo, kwani sehemu yake ilipenya katikati ya visiwa vya Indonesia hadi ndani ya Bahari ya Hindi. Ushahidi ulitoka kwa maboya ya Argo, mitambo isiyo na mtu ambayo huzama hadi mita 2,000 na kupanda kila baada ya siku 10 ikipima joto na chumvi, na ambayo kufikia mwaka 2007 ilikuwa imefika 3,000 katika bahari zote. Kwa vipimo vyake na vinginevyo, Sang-Ki Lee na wenzake walikadiria mwaka 2015 kwamba katika muongo mmoja Bahari ya Hindi, ambayo ni ndogo kuliko Pasifiki na Atlantiki, ilichukua zaidi ya asilimia 70 ya joto lote lililoongezeka katika mita 700 za juu za bahari za dunia. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi walidai kwamba ongezeko la joto la dunia limesimama. Halikusimama, hewa ilitulia kidogo kwa sababu Pasifiki ilikuwa katika zamu yake ya baridi, na joto lilikuwa likihamia chini ya maji.

Atlantiki nayo ilikuwa na hesabu yake ya kusahihishwa, ingawa inatosha kuigusa tu. Mwaka 2000 Michael Mann, katika mazungumzo na mwandishi wa sayansi Richard Kerr, aliupa jina mzunguko wa Atlantiki ya kaskazini wa miongo mitano hadi saba, ambao ulielezwa kwa miaka mingi kuwa pigo la ndani la bahari hiyo. Mwaka 2021 Mann huyo huyo na wenzake walichapisha hoja kwamba pigo hilo, katika miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa kivuli cha milipuko ya volkano, na katika karne ya 20 kivuli cha moshi wa viwanda na gesijoto. Wapo wanaoendelea kuutetea mzunguko huo.

Kuhusu dipoli, uchunguzi wa matumbawe ulivuka hadi upande wa Sumatra. Nerilie Abram na wenzake walichapisha mwaka 2020 historia iliyojumuisha karne tano, zikiwa na mapengo katikati, za milenia iliyopita, na ndani yake dipoli kali zilikuwa adimu kabla ya mwaka 1960. Wale waliotaka kusikia kwamba kila jambo kubwa ni jipya hawakupata walichokitaka, kwa sababu karne ya 17, bila gesijoto za viwanda, ilikuwa na dipoli moja iliyozidi ile ya 1997 kwa kati ya asilimia 27 na 42. Na wale waliotaka kusikia kwamba yote ni ya asili hawakukipata pia, kwa kuwa wingi wa miaka mikali tangu 1960 haukulingana na ulivyokuwa katika karne zilizotangulia. Miaka sita kabla ya hapo Wenju Cai wa Australia na wenzake walikuwa wamekokotoa kwamba, uchafuzi ukiendelea kwa kiwango cha juu, dipoli kali zingeongezeka karibu mara tatu katika karne ya 21, kutoka moja katika kila miaka 17 hadi moja katika kila miaka 6, kwa sababu magharibi ya bahari hupata joto haraka kuliko mashariki yake. Bahari ikiwa na uwezo wa asili wa kutoa dipoli kama ile ya karne ya 17, na ikiwa imewekwa juu ya joto ambalo karne ya 17 haikulijua, hatari haipungui kwa kuitwa ya asili. Vuli ya 2019 ilileta dipoli nyingine kubwa bila El Niño kamili, kama 1961, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limefikia kimo chake cha 1964, na kukipita kwa kiasi kidogo.

Mahali ambapo mgogoro huu wa asili na joto umewaumiza watu zaidi, lakini, ni katika masika. Kuanzia miaka ya 1980 masika ilipungua katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mwaka 2011, baada ya misimu miwili kushindwa mfululizo, njaa ilitangazwa kusini mwa Somalia, na makadirio ya baadaye yalihesabu vifo vya watu wapatao 260,000. Wakati huo huo modeli nyingi zilikuwa zikitabiri kwamba joto la dunia lingeongeza mvua katika eneo lile lile, na hitilafu hiyo wataalamu wameiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Bradfield Lyon na wenzake walielekeza kidole kwa Pasifiki na mgeuko wake wa 1998, wakisema upungufu wa masika ni sehemu ya mzunguko wa asili ambao siku moja ungerudi nyuma. Park Williams na Chris Funk, katika hoja yao ya mwaka 2011, walielekeza kwa Bahari ya Hindi yenyewe, ambayo kwa kupata joto ilikuwa imevuta mawingu yamwage mvua baharini kabla hayajafika barani. Mashahidi wa pande zote wamepata miaka ya kuwaunga mkono: masika ya 2018 na ya 2020 yalikuwa mazito, kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 La Niña wa miaka mitatu, ambayo ni hali ya baridi ya Pasifiki iliyo kinyume cha El Niño, aliandamana na misimu mitano iliyoshindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 yakaleta mafuriko kutoka Mandera hadi Rufiji.

Hoja zote mbili huenda zikakutana, kwa kuwa Pasifiki iliyo baridi upande wa mashariki, ambayo Lyon aliihesabu kuwa ya asili, ndiyo ile ile ambayo kazi ya Luo ilionyesha kuwa inasukumwa kwa sehemu na Bahari ya Hindi inayopata joto. Wataalamu wanaokutana tangu 1998 katika jukwaa la utabiri wa misimu la Pembe ya Afrika, sasa chini ya kituo cha ICPAC cha Nairobi, wanakutana na ugumu huo katika kazi ya kila msimu. Njia moja waliyoizoea ni kutafuta katika kumbukumbu miaka iliyofanana na mwaka uliopo, kwa joto la Pasifiki na kwa hali ya dipoli, na kutazama mvua ilivyonyesha miaka hiyo. Njia hiyo inategemea kwamba dalili ile ile italeta mvua ile ile, na dalili hupimwa kwa kulinganishwa na wastani wa miaka 30, ambao hukokotolewa upya kila muongo. Wastani wa sasa, wa 1991 hadi 2020, umeanzia pale ambapo uhusiano wa bahari mbili ulikuwa umekwisha kugeuka, na maji ambayo mwaka 1961 yalihesabiwa kuwa ya moto kupita kiasi mbele ya pwani ya Afrika, leo yanaweza kuandikwa kuwa ya kawaida.